Mama Povu na Dhamana ya Wifi Yake

Alizaliwa tarehe tisa Februari mwaka 1949, alfajiri ya siku ya mvua, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi seremala, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wake. Katika maisha ya watu wa Mungu tumezoea kusoma kwamba tangu utotoni walikuwa wapole kama njiwa, nasi tungependa sana kuandika hivyo hapa. Lakini mama yake mzazi, alipoulizwa na Paroko miaka mingi baadaye, alisema kweli. Alipozaliwa mdogo wake wa kiume, binti huyu wa miaka minne alikuwa akimwendea mtoto kitandani, anamfinya paja, kisha anakimbilia jikoni na kuanza kulia yeye kwanza ili abebwe yeye. "Huyu alikuwa na kijicho tangu meno ya maziwa," alisema mama. Tunaliandika neno hili bila kulipunguza, kwa sababu Mungu alipoanza kumtakasa mtumishi wake, alianzia hapo hapo.

Akiwa na miaka ishirini aliolewa na karani wa posta, mtu mwema mwenye mapafu dhaifu, aliyefariki mwaka 1975 bila kumwachia mtoto. Mjane huyo akapata kazi ya kufua kwa masista, na huko sista mmoja mzee alimfundisha kupika sabuni: kupasha mafuta moto, kuyachanganya na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kukoroga kwa subira mpaka yawe mazito kama uji, kumimina kwenye visanduku vya mbao, na kungoja majuma manne sabuni ikomae ndipo ikatwe miche. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani kwa baba yake akafungua karakana yake uani. Watu wakamwita Mama Povu, kwa sababu ya sabuni, na pia, walivyosema wenye mdomo, kwa sababu ya hasira zake.

Wito wake ulikuja mwaka 1991. Taasisi moja ya mikopo midogo ilikuwa ikikopesha wanawake wenye biashara ndogo, kwa sharti kwamba wakae watano watano na kila mmoja awe dhamana ya wenzake. Paroko akamwomba aongoze kikundi cha parokia. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Padri, mimi nikimwona mtu anainuka, tumbo linaniuma." Paroko akamjibu, "Basi litakuuma ukiwa mwenyekiti." Akakubali. Kwa miaka mitatu aliwasimamia muuza mkaa, mshonaji na wasusi wawili, akiwatembelea nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyeanguka mikononi mwake. Wakati huo wote hakuumwa sana, maana hakuna kati yao aliyeuza sabuni.

Jaribu lake kubwa liliingia kwa mlango wa ndugu yake mwenyewe. Mwezi Machi mwaka 1994 mdogo wake, aliyekuwa mwashi, alianguka kutoka juu ya paa akavunjika mgongo, asiweze kusimama tena. Alikuwa na mke na watoto watatu. Jumanne iliyofuata Pasaka, siku ya kikao, msusi mmoja alikuwa amehama na nafasi yake ilikuwa wazi. Mke wa mwashi akaingia, akakaa mkekani mbele ya mwenyekiti.

"Wifi," alisema, "najua sabuni ni kazi yako. Ila sina kazi nyingine ninayoijua, na hii nimeijua kwa kukusaidia kukata miche. Naomba mnidhamini."

Mama Povu alimtazama. Mikono ya wifi yake ilikuwa myepesi kuliko yake, na yeye aliijua mikono hiyo vizuri. Wanakikundi wakamgeukia, kwa kuwa bila sahihi ya mwenyekiti mkopo usingetoka. Afisa mikopo, kijana mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Mama, una uhakika? Bidhaa moja, mtaa mmoja?" Akajibu, "Andika, mwanangu, kabla sijabadili nia."

Kwa mkopo ule wifi alinunua mafuta, kostiki, sufuria kubwa na visanduku sita. Alitia mchaichai, sabuni ikanukia. Kabla ya mwaka kwisha wateja walikuwa wakipita mbele ya uwanja wa Mama Povu bila kugeuza shingo. Mwenye duka la pembeni, asiyejua alichokuwa akichoma, alisema, "Ndiyo hivyo, Mama: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mama Povu akamtuma mtoto wa jirani akamnunulie kwa siri mche mmoja wa wifi. Akajifungia chumbani, akauloweka, akanawa, akanusa viganja vyake. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Alilia hadi kanga ikalowa, na alikiri baadaye kwamba machozi yale hayakuwa ya toba hata kidogo.

Hapa ndipo alipoanguka. Mwezi Septemba mwaka 1995 mama mwenye nyumba ya wageni, aliyenunua sabuni kwa wingi, alimuuliza maoni yake juu ya mtengenezaji huyu mpya. Mtumishi wa Mungu akajibu, "Mimi sisemi kitu. Ila kama una ngozi laini, kostiki imezidi kidogo pale." Ni maneno machache, na yalitosha. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba sabuni ya mchaichai inachubua watoto. Wifi akabaki na miche imejaa hadi chini ya kitanda cha mgonjwa. Marejesho yakamshinda, na wenzake, ambao kanuni iliwadai wamlipie, wakaenda nyumbani kwake kuchukua sufuria. Mwenyekiti alikuwa mbele yao.

Chumba kilikuwa kidogo, kikinukia mchaichai. Mwashi alikuwa amelala ubavu, akiwatazama wanawake wakimwaga maji kutoka kwenye sufuria ya mke wake. Akamwita dada yake.

"Dada, wewe ndiye unayeijua sabuni. Hebu waambie, hii ya mke wangu ina ubaya gani?"

Alisimama mlangoni. Mshonaji alishuhudia kwamba uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akasema, "Haina ubaya. Ubaya ni wangu. Maneno yale niliyasema mimi, nikijua ni uongo."

Wifi hakulia wala hakumkumbatia. Alisema neno moja tu: "Toka."

Kikundi kiliiacha sufuria, kikamwondoa kwenye uenyekiti siku ile ile. Kesho yake alizima jiko lake, akajitwisha beseni la sabuni za wifi alizoletewa na mshonaji, akaenda kwanza kwa mama mwenye nyumba ya wageni. Aliomba maji, akajisugua uso kwa sabuni ile mbele yake, akasema, "Nilidanganya. Tazama ngozi yangu." Alifanya hivyo mlango kwa mlango kwa miezi mitatu. Watu walicheka wakisema Mama Povu leo povu limemrudia. Mauzo yote aliyapeleka kwa mshonaji, kwa kuwa wifi hakutaka kumwona, na ukimya huo ulidumu mwaka mzima na zaidi. Siku moja wifi alikuja mwenyewe uani, akasimama mbali, akauliza, "Yangu inatoa jasho baada ya kukatwa. Kwa nini?" Mama Povu akamwonyesha. Hivyo ndivyo walivyopatana.

Wifi aliinuka, akawa na karakana na wafanyakazi kumi na mmoja. Mama Povu alibaki na uwanja wake na wateja wachache, akaendelea kudhamini wanawake wengine, wengi wao wapika sabuni, huku akiwafundisha yote anayoyajua. Paroko alimuuliza, wakiwa wamekaa benchini nje ya kanisa wala si katika kitubio, kama wivu umemwacha. Akajibu, "Haujaniacha, Padri. Upo. Ila siku hizi unasema, nami sitii."

Aliugua kifua mwaka 2011, wifi akamchukua nyumbani kwake, akamwogesha na kumlisha kwa mkono wake. Tarehe kumi na saba Oktoba, mchana, wifi alirudi akiwa na furaha, akamwambia kwamba hospitali kubwa imeagiza kwake sabuni za mwaka mzima. Mgonjwa alifumba macho. Kisha akasema, "Nimeumia kidogo. Hongera, wifi." Saa ile ile alifariki.

Waamini husimulia mengi tangu hapo. Dada wawili wauza mikate, waliokuwa hawasalimiani kwa miaka saba, walikutana kaburini pake bila kupanga na kurudi wameshikana mikono. Msichana mmoja aliyeungua kwa kostiki alimwomba, na mkono ukapona bila kovu. Sisi hatupimi mambo hayo. Wenye mamlaka watayapima. Lakini wewe usomaye, ambaye jirani yako amefanikiwa katika kazi ile ile unayoifanya, na moyo unawaka wivu, usingoje uzimike ndipo utende mema. Nenda leo ukanunue kwake, ulipe bei kamili, na umsifu kwa sauti ya kusikika na wateja wako mwenyewe.