Mabungo ya Kichaka cha Mtoni

Mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipotuhamisha kutoka ufukweni mwa ziwa nilikuwa na miaka kama minane, na kichaka cha mtoni kilinuka mabungo mabivu, ule uchachu mtamu unaokumezesha mate kabla hujaliona tunda. Shida zetu zilianza hapo. Walisema mbung'o wa vichaka vya ziwani ndio walioleta malale, ugonjwa wa kulala mpaka kufa, kwa hiyo watu wa Rumonge wapande milimani. Tukapanda kuelekea Bugarama, mama na mimi tu. Baba alikuwa amekwisha kufa.

Ufukweni mama alikijua kila kinacholiwa porini: uyoga wa kwenye vichuguu, majani machungu ya kupikia dagaa, viazi vinavyojificha chini ya miiba. Milimani majani yalikuwa mengine. Mwenyeji wetu, mama mmoja mnene, alichungulia chungu chetu akaangua kicheko, akatusalimu kwa lugha ya kwao: “Amahoro, watu wa samaki! Munapika dawa ya kuharishia ng'ombe?” Mama akacheka naye, akamwaga mboga yote, tukalala na maji ya moto.

Basi akawa anashuka mtoni. Alfajiri anabeba kikapu, anawakwepa askari waliozuia watu kurudi ziwani, jioni anarudi na mabungo. Siku moja nikamwambia, “Mama, nami nakuja.”

“Wewe kaa hapo. Mbung'o iko na meno kuliko askari.”

Kwa hiyo hatari ya mbung'o aliijua. Nilimumunya mbegu, uso ukinikunjamana kwa ukali, naye akinitazama tu, bila kula.

Baadaye shingo yake ikaota uvimbe. Akawa anajitanda nguo mpaka kidevuni, maana watu wa Mdachi walipita wakitomasa shingo kutafuta wenye malale. Lakini usingizi haufichiki. Alisinzia akisonga ugali, mkono ukaingia motoni. Wakampeleka kambi ya wagonjwa, hakurudi. Yule mama mnene akanilea, na niseme kweli, hakuninyima kitu.

Watu wanataka nimlaumu Mdachi. Kiboko chake tulikijua, lakini kuhusu mbung'o hakusema uongo. Njaa tuliyoikuta milimani alikotupeleka, hiyo ndiyo hakuitaja.

Leo mtoni pamelimwa, watoto wanapita na baiskeli wala hawaogopi nzi. Nina nyumba ya bati, shamba la michikichi, pipa la kuchemshia mawese, cherehani na mbuzi sita. Nimevipata kwa mikono hii, bila shule. Kaburi la mama sina. Nilikwenda kambini kuuliza, hakuna aliyejua kunionyesha.