Betri Mbili za Kombe la Afrika

Nilikwenda Butiama kuoa, si kusikiliza mpira. Lakini Mzee Magoti, baba yake Nyangeta, alikuwa ametuma neno: ng'ombe wa mahari tutawaongelea mechi ikiisha, na mkwe aje na betri za redio. Taifa Stars ilikuwa Lagos, mara yake ya kwanza kwenye fainali za Afrika. Tulikuwa tumefungwa na wenyeji, kisha na Misri. Ilikuwa imebaki Ivory Coast.

Kwetu Musoma betri hazikuwapo, kama vile sabuni na sukari. Alfajiri nikadandia lori la pamba, nikaipita njia panda ya Butiama huku roho ikiniuma, nikaenda kuzitafuta Bunda.

Bunda, mwenye duka alinitazama, akalitazama furushi langu la samaki, sato wakavu. Akainama chini ya meza.

"Mbili tu," akasema. "Na hujaniona." Nikamwachia sato wote.

Redio ya mzee ilikula betri nne.

Nilifika Butiama jua likielekea kuzama. Mzee hakushtuka kuona ni mbili tu. Alishusha kutoka juu ya bati betri zake mbili kuukuu, alizozianika tangu asubuhi zipate nguvu.

"Nilikuwaga naanika hivi hivi, zinaimba," akasema, akazichanganya na zangu. Nilijua ni kosa, lakini nani anambishia baba mkwe?

Tukafungwa mapema. Kipindi cha pili tukasawazisha! Mzee alinikumbatia, nami nikaona harusi hii hapa. Redio ikakohoa, ikanyamaza.

"Baba, sasa wale ng'ombe..."

"Mechi imeisha?"

"Sijui."

"Basi bado."

Nilirudi Musoma nimenuna. Huko nikaambiwa matokeo hayakubadilika, na timu inarudi nyumbani. Nadhani nilikuwa Mtanzania pekee aliyefurahi. Nikageuza siku ile ile.

"Imeisha, Baba. Sare. Tumetolewa."

Alininyooshea fimbo. "Unaniletea msiba, halafu unataka binti? Tutaongea wakirudi tena huko."

Mama yake Nyangeta akatoa kichwa jikoni. "Sawa. Mkwe akae hapa mpaka warudi. Unga utamtafutia wewe."

Mzee alilitazama ghala lake lililobaki nusu, akawaita ndugu zake kwenye kikao cha mahari.

Katika safari ile nilijifunza kuwa sato ni wa kumpelekea mama mkwe. Stars ilirudi kwenye fainali hizo baada ya karibu miaka arobaini. Tuliitazama na Nyangeta kwenye televisheni, wajukuu wakigombea viti.