Nililichemsha Zulia la Bibi

Kanzu nazijua. Amerikani naijua. Nguo yoyote ya pamba ukinipa, hata iwe imelala kwenye tope la mikoko siku tatu, nitaichemsha kwa maji ya majivu, niipige juu ya jiwe, na jioni utaivaa uende nayo msikitini. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha herufi kwa kusimama dirishani mwa chuo mpaka maalimu akachoka kunifukuza. Ndiyo maana nilikuwa mtu asiyeambilika. Nayasema haya mapema, mtu asije akanihurumia bure.

Pale Kivinje nyumbani tulikuwa watatu: bibi yangu, mjomba wangu, na mimi. Mama alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mjomba ndiye mtoto pekee aliyembakia Bibi. Ukumbini tulikuwa na zulia la sufu, la Ajemi, jekundu lenye maua ya buluu na meupe. Babu alilileta enzi za biashara yake. Wageni walilisifu zulia kwanza, kisha ndipo wakauliza hali zetu.

Mwaka ule wa vita mjomba alikwenda Kinjumbi kuuza samaki wakavu. Njiani akirudi, askari wa Mdachi wakamkuta na kibuyu cha maji. Maji ya kunywa, wallahi, jua lilikuwa kali! Lakini siku zile ukionekana na kibuyu cha maji, basi umebeba dawa ya vita, huna la kujitetea. Wakamtia mnyororo, halafu wakaja kupekua nyumba yetu. Hawakupata kitu. Walichotuachia ni nyayo za viatu vya tope zulia zima, na taa ya mafuta ya nazi waliyoipiga teke ikamwagika katikati.

Jumanne akida akaja. Alikuwa akijuana na babu, na bomani neno lake lilisikika. Alikunywa kahawa yetu huku jicho liko kwenye zulia.

"Mama," akamwambia Bibi, "zulia hili likifika kwangu Ijumaa, safi kama alivyoliacha marehemu, nitakwenda bomani niseme mwanao namjua, si mtu wa waasi."

"Litafika, mwinyi," Bibi akasema.

Mimi nilitaka kummwagia kahawa yake kwenye kanzu. Bibi alinibana goti mpaka akida akaondoka.

Basi Bibi akaanza kazi. Alinyunyiza unga wa muhogo juu ya mafuta, na unga wenyewe wakati ule ulikuwa wa kutafuta kwa mwenge wa makuti. Akauacha mpaka asubuhi ili unyonye, kisha akaukung'uta. Baada ya hapo ni kitambaa, maji baridi ya kisima, na ndimu kidogo. Alipangusa kwa kufuata mlalo wa nyuzi, polepole, mkono wake mwingine ukishika kiuno.

"Sufu ni nywele, mjukuu wangu. Ilaze inakotaka kulala. Na kukausha ni kivulini, haitaki jua."

"Bibi, unalibembeleza kama mtoto! Ijumaa itatukuta hapa hapa pembeni."

"Na itukute."

Hadi Jumatano jioni alikuwa amemaliza pembe moja tu, ya upande wa mlango. Alhamisi adhuhuri akachukua bakuli la uji kumpelekea mjomba bomani. "Usiliguse mpaka nirudi," akaniambia.

Nikabaki na zulia. Wayo mmoja ulikuwa katikati kabisa, kisigino kimezama ndani ya ua la buluu. Nikautazama. Nikamfikiria mjomba na chuma shingoni, nikamfikiria Bibi na kiuno chake, na kesho ni Ijumaa. Damu ikanipanda. Nikawasha moto, nikateleka masufuria mawili, nikatia majivu.

Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti. "Karamu ya nani hiyo, mwali? Maji yote hayo!"

"Ya kiatu cha Mdachi!"

Nikamwaga. Nikasugua kwa kumbi la nazi, kwa nguvu zangu zote, na wallahi ule wayo ulitoka! Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona maji yanayotiririka ni mekundu. Maua meupe yakageuka rangi ya ufizi. Nyuzi zikashikana, zulia likajikunyata, likawa gumu kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani, linanuka mnyama. Nikakimbilia maji baridi. Wapi.

Bibi alirudi na bakuli tupu. Akasimama mlangoni.

"Umelipika," akasema.

"Bibi, nipige."

"Nikikupiga litanyooka?" Akaketi chini. "Anakohoa. Ameniuliza zulia limefikia wapi. Nimemwambia linakauka."

Ijumaa tukalipeleka vilevile, mimi nimelibeba kichwani. Akida alikuwa barazani kwake na wenzake. Bibi alinifinya nitoe shikamoo. Sikutoa. Akida akalifunua kwa ncha ya bakora.

"Mmelichemsha? Zulia la Ajemi, mkalichemsha kama muhogo?"

Baraza zima likacheka.

"Ni mimi, mwinyi," Bibi akasema. "Macho ya uzee haya."

Ningenyamaza pale, labda. Lakini kumwona Bibi anajishusha kwa ajili yangu mbele ya watu wale! "Si yeye, ni mimi! Na wewe, mjomba wangu unamjua au humjui? Kama unamjua, unamjua hata bila zulia!"

Kicheko kikakatika. Akida akamgeukia Bibi.

"Kamfundishe mjukuu wako adabu, mama. Ukimaliza ndipo uje kuomba."

Wiki iliyofuata mjomba na wafungwa wenzake walipitishwa mtaani, wamefungwa shingo kwa shingo, wakapelekwa kulima barabara upande wa Lindi. Bibi husema yule akida asingesema neno hata tungempelekea zulia jipya. Huenda. Lakini ananiambia hivyo ili nilale, nami sitaki kulala kwa hilo.

Zulia akida hakulitaka, tulirudi nalo, na tumelitandika tena. Ile pembe ya mlangoni, aliyoisafisha yeye, maji ya moto hayakuifikia. Ina upana wa kuketi mtu mmoja, na hapaketi mtu. Kila Alhamisi naikung'uta, naipangusa kwa maji baridi na ndimu, nafuata mlalo wa nyuzi.

Juzi alipita muuza chumvi kutoka Sudi, upande wa Lindi, akasema amewaona wafungwa barabarani, na mmoja anakohoa sana. Nilimuuliza mrefu au mfupi. Hakukumbuka.

Nilipoingia ndani Bibi hakuniuliza habari ya muuza chumvi. Aliuliza kama ile pembe imekauka. Nikaigusa kwa kiganja.

"Bado, Bibi."

"Basi iache. Usiianike juani."