Simu Iko Chaji

Juzi Handeni, kwenye foleni ya kuandikisha wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku, mbele yangu alikuwapo bibi mmoja. Mvua imekaribia na shamba lake limeshalimwa.

"Umetumiwa namba ya siri kwenye simu, nisomee," karani akasema, macho kwenye kompyuta.

"Simu iko chaji, dukani kijijini. Mlisema nije na namba ya simu. Si nimekupa?"

"Basi, bibi, rudi kesho."

Nikampa bibi simu yangu, akapiga namba yake mwenyewe, mwenye duka akapokea. Yule bwana ni mtu wa kupayuka; akaisoma ile namba mpaka wa mwisho kwenye foleni akaisikia.

Karani akaruka: "Bibi, hiyo ni siri! Usimtajie mtu yeyote!"

Bibi akamkazia macho. "Na wewe nikufiche?"

Karani akakohoa, akaandika. Bibi akaondoka ameandikishwa.

Wenye mfumo, mkitunga siri nyingine, mwulizeni kwanza mwenye duka la kuchaji simu kijijini. Serikali mtandao ya huku kwetu anaiendesha yeye.