Saini Yangu na Mlinzi wa Gavana

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Nilitia saini karatasi ya uongo iliyomtoa rafiki yangu kanisani, na ushauri wa kutia saini niliuchukua kwa askari wa kwenye tivii. Askari mwenyewe hayupo duniani. Anaishi ndani ya jiwe kubwa linaloelea angani, yeye na watu wengine waliokimbia dunia ilipoharibika. Nilifunga kwa ajili yake. Siku tatu, maji na chai ya rangi, nimepiga magoti kwenye zulia huko Akalla, Stockholm, namwombea mtu anayelipwa kuigiza. Ukitaka kucheka cheka sasa, huko mbele nafasi ni chache.

Shule niliiacha darasa la sita, kambini Kigoma. Watu wakisikia kambi wananihurumia, wanadhani vita ndiyo ilinitoa darasani. Hapana. Mwalimu wa hesabu alinichoka, na mimi nilikuwa nimeshamchoka kabla yake. Kwa hiyo nilifika Sweden na Kiswahili, Kibembe, Kifaransa cha kusalimia, na kipaji cha kuchekesha watu ambacho ofisi za kule hazikuwa na fomu yake.

Aliyenipokea ni mchungaji. Mkongo mwenzangu, mtu wa Uvira, amefiwa na mke, suti tatu, sauti nzito, moyo mkubwa. Hilo la moyo sitanii. Alikuja kunitoa kwenye makazi ya wakimbizi huko kaskazini, theluji mpaka magotini, akanilaza kwenye sofa yake Akalla, baadaye akanipa chumba kizima. Alinifundisha kununua tiketi, kuvaa soksi mbili mbili na kutosalimia watu kwenye treni. Hilo la mwisho lilinishinda.

Mke wangu na binti yetu walikuwa Kampala wananisubiri. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu ukaanza. Ilikuwa enzi ya kadi za simu za kukwangua, vidole vyangu vilikuwa vya kijivu muda wote. Binti niliyemwacha anatambaa alishaanza kuongea, na mimi alikuwa ananiita Baba Simu. Siku moja mama yake akamwonyesha picha yangu, mtoto akakataa, akasema huyu siye, Baba Simu hana uso. Mke wangu alinisimulia huku anacheka, halafu nikawa nasikia pumzi yake tu mpaka kadi ikaisha.

Halafu uhamiaji wakaandika barua. Walikuwa wamekubali karibu kila kitu. Walitaka kitu kimoja: wakija watalala wapi? Leta karatasi ya makazi inayosema watu watatu wanaruhusiwa kukaa hapo. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa mchungaji. Karatasi hiyo angeiandika mtu mmoja tu duniani, na alikuwa chumba cha pili anakoroma.

Sasa huyo rafiki yangu. Alikuwa katibu wa kanisa letu, dada mmoja Mrundi, mtoto wa Bujumbura. Alikuwa anahudumia wagonjwa hospitalini Flemingsberg, na mimi nilikuwa nafagia korido za hospitali hiyo hiyo. Kiswidi alikuwa anakisoma kama mtu anayefukuzwa. Kila Jumamosi saa nane mchana nilikuwa naenda kwake Vällingby kuangalia marudio ya ile tamthilia. Waigizaji wanaongea Kiingereza, maandishi ya chini ni Kiswidi, mimi nikimaliza neno la kwanza watu wameshakufa. Basi yeye ananitafsiria kwa sauti huku anakunja nguo. Gavana, Kuhani, Mlinzi, wote niliwajua kwa sauti ya mwanamke wa Bujumbura.

Hadithi ilikuwa hivi. Ndani ya lile jiwe hewa inapitia milango ya chuma, na ufunguo wa milango anao Gavana. Anayemkubali anavuta hewa nzuri juu, anayembishia anashushwa kwenye mashimo ya chini. Kuhani, mama mmoja mwembamba, akaanza kuhubiri kwamba hewa ni ya Mungu, haina mwenye ufunguo. Watu wakamfuata. Gavana akamwita Mlinzi wake, ndiye yule askari wangu, akamwambia: kesho utasimama mbele ya wote uape kwamba ulimwona Kuhani akitia sumu kwenye hewa. Mlinzi anajua kabisa hakuna sumu. Ila Gavana ndiye aliyemtoa mashimoni akiwa mtoto, akamlea mezani kwake.

"Sasa huyu mjinga anangoja nini?" dada akauliza, shuka mkononi. "Si aseme ukweli tulale."

"Dada, yule mzee alimlisha."

"Kwa hiyo amuue mama wa watu kwa sababu ya uji?"

"Si uji. Ni shukrani."

"Wewe na huyo Mlinzi mmefanana mpaka tumbo. Kaa kimya nisome."

Hiyo ilikuwa Aprili, kabla ya mkutano.

Mkutano nao una maelezo yake. Kwa serikali ya Sweden kanisa letu lilikuwa chama, sawa na chama cha mpira au cha wafuga nyuki. Chama lazima kiwe na mkutano wa mwaka, kichague mwenyekiti, kiandike muhtasari. Na muhtasari hauna nguvu mpaka mtu aliyechaguliwa na mkutano ausome na kutia saini kwamba ndiyo, haya ndiyo yaliyotokea. Wanamwita justerare. Kila mwaka kazi hiyo walinipa mimi, kwa sababu walidhani ni cheo cha mzaha, na mzaha ndio ulikuwa idara yangu. Miaka yote ilikuwa hivyo hivyo: mchungaji awe mwenyekiti, tunapiga makofi, tunakula wali, natia saini, twende nyumbani.

Mwaka huo mama mmoja wa kwaya akasema tupige kura za karatasi. Watu walikuwa wamechoka. Mchungaji ndiye mhubiri, ndiye mwenyekiti, ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi, ndiye anaamua nani aimbe na nani akae. Madhabahuni walimpenda, ila kile kiti cha mwenyekiti walitaka akikalie mtu mwingine. Katibu alihesabu mara mbili mbele yetu sote, karatasi moja moja. Mchungaji alishindwa, na hakushindwa kwa kura mbili tatu. Akasimama, akatuombea, akafunga mkutano. Wali haukulika.

Jumanne nikatoka kazini nikakuta karatasi kwenye meza ya jikoni, pembeni ya chumvi.

"Soma, mon frère, ndugu yangu," mchungaji akasema.

Nikasoma polepole, kidole kwenye mstari. Ilisema mchungaji amechaguliwa tena na wote. Ilisema katibu alivuruga hesabu makusudi, na mkutano umemwondoa kwenye ushirika.

"Baba mchungaji, mbona haikuwa hivi?"

"Ilikuwaje?"

"Si watu walipiga kura."

"Mungu aliniweka hapa hata hicho kiti hakijanunuliwa. Chama ni cha Wasweden. Kanisa ni la Mungu. Wewe uko chama au uko kanisa?"

Akamimina chai, kikombe changu kwanza, akaniwekea sukari nne, anajua navyopenda.

"Ile karatasi yako ya uhamiaji naiandika wiki hii," akasema. "Watu watatu, hakuna shida. Tunasaidiana, voilà."

Hakunitishia. Lazima nimtendee haki. Angenitisha ningepata pa kuanzia kukasirika. Alinitazama kama baba, na nadhani aliamini kila neno.

Kesho yake dada akanikuta koridoni Flemingsberg, mimi na mashine yangu ya kusugua sakafu. Alikuwa na muhtasari wa kweli ndani ya plastiki.

"Kaka, saini hapa haraka, nina mgonjwa."

"Acha nisome kwanza."

"Wewe? Kusoma?" Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri. "Amekuletea nyingine."

Nikamwambia yote, mpaka ile sukari nne. Hakunitukana. Aliegemea ukuta.

"Tutatafuta nyumba nyingine. Nitauliza watu."

"Dada, Stockholm hii? Foleni ya nyumba ni miaka. Binti yangu ataolewa nikiwa kwenye foleni."

"Najua." Akaitazama ile plastiki mkononi. "Kaka, mama yangu nilimzika kwa simu. Nani walikaa na mimi siku zile zote? Si wale? Mimi hapa sina ndugu, nina wale tu. Ukiandika kwamba mimi ni mwongo, Jumapili naenda wapi?"

Kengele ya mgonjwa ikalia, akaenda. Karatasi akaniachia.

Ndipo nikafunga. Nilimwambia Mungu namwombea Mlinzi, apate hekima siku ya kuapa. Kumwombea yule ilikuwa rahisi kuliko kujiombea mimi. Ningeomba kwa jina langu ningejibiwa, na jibu nilikuwa nalijua. Siku ya pili mke wangu alipiga, akauliza kama ile karatasi ya makazi imeshaenda. Nikamwambia iko njiani. Akasema mtoto ana homa, si kubwa. Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili mchungaji asinisikie nikilia.

Jumamosi ikafika. Vällingby sikuthubutu kwenda. Niliangalia tamthilia sebuleni Akalla, mchungaji amelala kwenye sofa pembeni yangu, soksi imetoboka kidole gumba. Hakuna wa kunitafsiria. Nikaona watu wamejaa, Kuhani amefungwa mikono, Mlinzi anasogea mbele. Anatazama huku, anatazama kule. Halafu anapiga magoti mbele ya Gavana, na Gavana anamwekea mkono kichwani. Muziki mkubwa, taa zote za lile jiwe zinawaka, kipindi kikaisha. Chini palipita maandishi marefu. Sikuyawahi.

Mimi nikaelewa hivi: ameapa, ametii, amebarikiwa, mwisho. Nikachukua kalamu pale pale, nikatia saini karatasi ya mchungaji. Saini ikatoka safi kuliko ya mwaka wowote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili mchungaji akasoma muhtasari mbele ya kanisa. Minong'ono ikaanza. Dada akasimama, safu ya tatu.

"Muulizeni justerare," akasema, hakupaza sauti. "Alikaa karibu yangu. Kaka, ulinionaje nilipohesabu?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Jamani," nikasema, "mimi hesabu niliikimbia darasa la sita, leo mnanipa mtihani?"

Kanisa zima likacheka. Walicheka hata wale ambao kura zao nilikuwa nimezifuta, maana niliwazoesha kucheka kila nikifungua mdomo. Waliojua ukweli walikuwa wengi, ila saini ilikuwa moja, na mwenye saini alikuwa anachekesha. Dada alichukua mkoba wake, akachukua na sufuria ya maharage aliyoileta, akatoka. Alifika mlangoni kicheko hakijaisha.

Baada ya hapo koridoni Flemingsberg alikuwa ananisalimia kwa Kiswidi. "Hej," basi, kama kwa mtu asiyemjua. Jumapili, niliambiwa na mwingine, alikuwa anapanda treni mpaka mwisho wa njia, kisha anarudi.

Karatasi ya makazi ilitoka wiki ile ile, kama alivyoahidi. Familia yangu ikatua Septemba. Pale uwanja wa ndege binti alijificha nyuma ya mama yake, akanichungulia, akauliza Baba Simu yuko wapi. Mke wangu alikuwa analia na kucheka. Mimi nililia tu, na kila mtu alidhani ni furaha.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nane mchana, nimekaa sebuleni na mke wangu, namwonyesha tivii ya kizungu. Nikamwona Mlinzi. Nikaruka. Kumbe ile ya Mei haikuwa mwisho, ilikuwa likizo ya kiangazi. Sweden hata tivii inakwenda likizo, na yale maandishi yaliyonipita ndiyo yalisema hivyo. Sikuhitaji kutafsiriwa mengi. Kuhani ameshushwa mashimoni pamoja na watu wake. Gavana anampa Mlinzi ufunguo wa mlango wa hewa, anamwambia funga. Mlinzi anaushika ufunguo. Uso wake ulikuwa karibu sana na kioo, na nikaona kwamba hajabarikiwa, hajawahi kubarikiwa. Alikuwa mtu anayeulizwa swali lile lile mara ya pili, na safari hii kubwa zaidi.

"Huyu nani?" mke wangu akauliza. "Mbona unamlilia?"

Nikazima. Nikamwambia yote. Hakuwa anajua chumba alichokuwa anakaa kimenunuliwa kwa bei gani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumlaza mtoto, akarudi akakaa mbali na mimi.

"Ungeniambia," akasema. "Ningesubiri."

Sijui kama angesubiri. Yeye mwenyewe, nadhani, hakujua.

Jumatatu nikaenda Vällingby. Nilikuwa na hotuba niliyoifanyia mazoezi kwenye treni, haina mzaha hata mmoja, na karatasi niliyoiandika kwa mkono kwamba muhtasari ni uongo, saini yangu chini. Nilimkuta anatoka dukani, mfuko wa viazi mkononi, upepo unampiga. Nikampa. Akaisoma pale pale amesimama, haraka, kama anavyosoma.

"Miezi mitano," akasema.

"Nitaisoma kanisani, dada. Jumapili. Mbele ya wote."

"Isome. Mimi sirudi." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Mchungaji atawatoa kwenye nyumba, unajua?"

"Najua."

"Mkeo anajua?"

"Anajua."

Nikataka kuanza hotuba yangu. Akainua mkono.

"Usiongee, utanichekesha, na mimi sitaki. Wamekuja na makoti ya baridi? Hawana, najua, nyinyi wanaume mnafikiria tiketi tu. Alhamisi siendi kazini. Mlete shemeji na mtoto nyumbani, nina nguo. Wewe waache mlangoni, urudi."