Alhamdulillah Niliyompa Meneja

Mwanangu, siku ile haijanitoka kichwani, na mpaka leo nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Nilikuwa msichana, nimeajiriwa na kampuni moja ya washauri iliyopanga ghorofani huku Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yetu, na usicheke, ilikuwa kuwashauri wenye ofisi namna ya kuwatendea haki wafanyakazi wao.

Na sisi wenyewe je? Wallahi ni vichekesho. Sisi wenyeji tulizunguka juani nyumba kwa nyumba tukihoji watu, tukaandika, tukatafsiri. Waliotoka Nairobi walikaa chini ya feni, majina yao ndiyo yakatokea kwenye ripoti, na mshahara wao ukaupita wetu mbali. Ukiuliza, waambiwa, "Hapa sote ni familia." Familia gani hiyo?

Mwenzetu mmoja, Shee, mtu wa kisiwa cha Pate, alikuwa amechoka kabisa. Alisema mambo yasipobadilika atarudi kwao, naye ndiye aliyekuwa hodari wetu. Basi meneja alipotangaza kwamba atasikiliza maoni, wenzangu wakanichagua mimi niwasemee, eti nina mdomo. Shee akaniambia, "Bi Mwanaisha, nakutegemea wewe."

Nikaingia. Meneja, kalamu mkononi, akauliza, "Mnauonaje mshahara?"

"Alhamdulillah," nikasema.

Wajua sisi tulivyo. Mtu hakurupuki tu na malalamiko. Hushukuru kwanza, kisha ndipo akasema lililomleta. Bwana yule hakuingoja hiyo kisha. Akaandika, akauliza, "Na mnavyotendewa?" Nami, ulimi wangu huu, "Alhamdulillah, twashukuru." Akafunga daftari, akanipa mkono, akanifungulia mlango! Nikajikuta nje na maneno yangu yote tumboni.

Wiki iliyofuata ikabandikwa barua ukutani: wafanyakazi wa Lamu wameridhika, hakuna la kubadilisha. Shee akaisoma, akarudia.

"Kwani ulimwambia nini?"

Nilipomjibu alicheka kidogo. Akachukua mkoba wake, akapanda boti ya Mtangawanda kurudi kwao Pate, na kazini hakurudi tena.

Nikamwendea meneja mbio. Akanijibu kwa upole, "Lakini si wewe mwenyewe uliyesema Alhamdulillah?" Shukrani ya Mwenyezi Mungu nitaifutaje? Nikisema sikuridhika, si nitakuwa nimekufuru? Nikatoka vivyo hivyo. Na yeye je, alinihadaa au kweli hakuelewa? Miaka yote hii sijui.

Nilimweleza shangazi yangu, Bi Khadija, akiwa barazani anashona kofia. Hata macho hakuinua.

"Alhamdulillah ni ya Mngu," akasema. "Mbona umempa bosi?"

Sasa nawe umepata ofisi yako. Jana nimekusikia ukinung'unika saa nzima, kisha bosi akapiga simu ukamwambia kila kitu kiko sawa. Moyo ulinipasuka. Mshukuru Mola wako, wala usiache. Lakini usinyanyuke kitini kabla hujasema lililokupeleka, hasa ukiwa umebeba na la wenzako. Akifunga daftari, mwambie kwa heshima, "Bwana, lifungue, sijamaliza."

Mola akupe riziki ya halali, akupe na ulimi wa kuisema haki yako bila kumvunjia mtu heshima, amin. Na ukifika Pate ukamkuta mzee anaitwa Shee, nisalimie. Mwambie Mwanaisha alikuwa hajamaliza.