Mpiga Lokole Aliyewataja Bana Texas

Ukungu bado umelala juu ya mto, lakini Papa Augustin Lofemba anaona anachohitaji kuona. Mtumbwi wa kwanza umekata kona. Anashika vijiti vyake viwili vyenye vichwa vya mpira, anaiinamia lokole, gogo lililochongwa likawa na tumbo tupu, na kuanza kupiga: huku sauti ya juu, huku ya chini.

Nyuma yake libongo, yaani ufuko wa kushukia mitumbwi hapa Lubunga, linaamka. Kabla chombo hakijafungwa kamba, wachuuzi wanajua ni mama gani wa Yanonge anayekuja na kaleta nini.

Hiyo ndiyo kazi ya Augustin kwa zaidi ya miaka ishirini. Ujira wake ni samaki wa moshi, kwanga ya muhogo, na chupa ya mawese wakati mambo yakiwa mazuri.

"Zamani muto ilikuwa nasema," anasimulia, macho yakiwa majini. "Siku ya indépendance tulipiga kutoka hapa mpaka Basoko. Kijiji moja inapiga, ingine inapokea. Nalilia kama mutoto, nakuambia kweli."

Huo ulikuwa mwaka 1960. Leo, mwaka 1966, makarani ndio kwanza wameanza kuuandika mji huu Kisangani badala ya jina la kikoloni, jina ambalo akina mama wa soko hawakuwahi kuliacha. Redio zimeingia kila baraza, na wanaoielewa lokole wanapungua kila msiba.

Kila mtu wa mto ana jina lake la lokole: msemo mzima, kisha jina la baba, kisha kijiji cha mama. La Augustin ni "Mwiba wa samaki hauogopi koo la chifu." Alexis, mtoto wa dada yake aliyemlea mwenyewe tangu mama wa kijana alipofariki, Augustin alimtungia "Mvua ndogo haimrudishi mvuvi." Kisha akamfundisha kupiga.

Kijana alikuwa na mkono mzuri, ila kosa lake lilikuwa sugu. Kila ujumbe aliufungia pigo moja la ziada lisilo na maana, kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshaingia ndani.

"Nalimuchapa juu ya ile coup moja," anasema Augustin. "Ah! Leo ningeiacha."

Kisha ukaja uasi wa mwaka 1964. Ulipopita, shule zilikuwa zimefungwa, kazi hazikuwapo, na mapanga yalikuwa yamebaki mikononi mwa vijana. Watano kati yao wakajiita Bana Texas, yaani Watoto wa Texas. Walifunga foulard, vitambaa vya shingoni, usoni kama watu wa sinema, wakawa wanashuka libongo kila siku ya soko kunyang'anya. Mama mmoja aliyekataa kutoa samaki wake alipigwa ubapa wa panga, na mtumbwi wake ukapinduliwa.

Mitumbwi thelathini ya siku ya soko ikapungua hadi minne. Soko lilikuwa linakufa, na watu walikuwa na hofu ya kuomba msaada wa askari.

"Kuita basoda?" anauliza Mama Madina, muuza chumvi wa familia ya Waislamu wa zamani wa mjini. "Soda akikuja anapiga masasi, papa. Kesho unalia mutoto ya jirani. Bale balikuwa batoto betu, hata kama balipotea."

Augustin alijua hilo kuliko wote. Foulard ya kijana wa tano aliinunua mwenyewe, zawadi ya Noeli.

Asubuhi moja ya mwaka jana, jua likiwa limeshatoka, Bana Texas walikuja wakiwa wamelewa ushindi. Wakamwamuru mzee awapigie muziki wacheze. Akapiga.

Alipiga jina la wa kwanza, na baba yake, na kijiji cha mama yake: "Huyu anawaibia mama zenu. Njooni mumchukue." Akapiga la pili. La tatu. La nne. Vijana wale walikuwa watoto wa mto, lakini wamelelewa na lami na sinema. Lugha ya lokole hawakuwahi kujifunza. Wakakata viuno kwa majina yao wenyewe, huku akina mama wakiwa wameduwaa na kapu kichwani.

Alexis peke yake hakucheza. Yeye alielewa tangu jina la kwanza. Neno moja tu kwa wenzake, na mzee angekatwa.

"Alinyamaza," anasema Augustin. "Alikuwa nangoja jina yake. Bon, mukono yangu ilikataa. Nikasema, ukiiacha ya mutoto yako, ile majina ine ingine iko bongo, uwongo mutupu."

Akalipiga. Mvua ndogo haimrudishi mvuvi. Alexis akaifungua foulard mwenyewe.

Kabla ya jioni mitumbwi ya wajomba na mabibi ilikuwa imejaa libongo. Mapanga yakawekwa mchangani, akina mama wakafidiwa, kila kijana akapelekwa kijijini kwao kuvuta nyavu. Basoda waliambiwa kuna mzee alipiga muziki, watu wakafurahi.

Alexis alikwenda Yanonge kwa ndugu za baba yake. Akipanda mtumbwi alimwambia mjomba wake tu, "Tonton, hata yangu ulipiga." Hakugeuka nyuma.

Tangu hapo, kila siku ya soko, Augustin hulituma jina la kijana huyo kuelekea mto unakoteremkia, upande wa Yanonge. Kila kijiji hulipokea na kulipiga upya kwa mkono wa mpigaji wake. Jibu halijawahi kuja. Hata hivyo ameandaa jozi ya pili ya vijiti na kuvifunga mpira mpya. Anataka Alexis airithi nafasi hii kabla mikono ya mzee haijachoka.

Leo mtumbwi wa mwisho umefungwa. Anapiga jina lile, anangoja. Kutoka kijiji cha jirani sauti inarudi: Mwiba wa samaki hauogopi koo la chifu. Jina la baba. Kijiji cha mama.

Kisha pigo moja la ziada.

Mama Madina anamuuliza Augustin kuna nini.

"Habari inaweza toka mbali," anasema polepole, "lakini mukono haitoki mbali. Iko hapa pa jirani. Alexis iko nakuja."

Anavitoa vile vijiti vipya chini ya mkeka na kuvilaza juu ya lokole, upande wa kushoto, pale Alexis alipozoea kusimama.